Sawazisha Mashine na Ardhi Kabla ya Kushika Sururu: Nasaha kwa Watafutaji wa Dhahabu

Yamekuwa yakiletwa mbele yetu, kutoka Chunya, Geita na kwingineko, malalamiko ya wachimbaji wadogo waliouza ng'ombe na mashamba ili wanunue mashine za kugundulia dhahabu, zile ambazo wenyewe huziita ditekta, kisha wakaona kwamba zalia pasipo na kitu na kunyamaza penye punje, hata wengi wao wakakata shauri kuwa zote ni hadaa. Hatukuyapuuza malalamiko hayo. Tulikwenda kwenye ardhi zile zile zilizolalamikiwa, tukazijaribu mashine zile zile, na twasema bila kusita kwamba aghalabu mashine haikuwa na ila yoyote. Lililokosekana ni jambo moja dogo, ambalo muuzaji hakulieleza na mnunuzi hakulijua, nalo ni kuisawazisha mashine na ardhi.

Yafahamike, basi, maana ya jambo hilo. Sahani ya mashine hutoa nguvu ya sumaku ikashuka ardhini, na kipande cha metali kikiguswa na nguvu ile hurudisha mwangwi wake, ambao mashine huugeuza kuwa mlio masikioni mwa mtafutaji. Lau metali peke yake ndiyo ingejibu, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini udongo wenye magnetaiti na madini mengine ya chuma hujibu nao, tena kwa sauti kubwa kuliko ya punje ya dhahabu isiyofika gramu moja. Nasi tumejaaliwa ardhi za namna hiyo: Geita dhahabu imekaa pamoja na miamba yenye matabaka ya chuma, na huko Lupa, wilayani Chunya, ambako dhahabu ya mchangani iligunduliwa mwaka 1922, mtu hukanyaga udongo mwekundu uliochanganyika na vijiwe vya chuma. Kusawazisha ni kuijulisha mashine mwangwi wa udongo ulivyo ili iutoe hesabuni, kama vile muuza sukari anavyotoa uzito wa bakuli kabla hajapima.

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la wasiosoma. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, huyo huyo wa simu, aliitwa kuitafuta risasi iliyokuwamo mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, akiwa na kifaa kilichofanya kazi vyema katika majaribio. Lakini chini ya mgonjwa palikuwa na godoro la nyaya za chuma, ambalo wengi husema lilikivuruga kifaa kile, na risasi haikupatikana.

Tufuatane sasa katika kazi yenyewe, na msomaji asiruke hata neno. Washa mashine, uiache dakika chache ipate joto la mahali pale, kwani iliyotoka kivulini na kuingizwa juani huyumba. Tafuta kipande cha ardhi kisicho na misumari, vizibo wala makopo, nawe hukijua kwa kupitisha sahani polepole usisikie mlio wa ghafla. Hapo ishushe sahani hata ibaki kama vidole viwili juu ya udongo, uinue hadi usawa wa goti, uishushe tena, uinue tena, bila haraka, huku ukisikiliza ule mvumo mwembamba usiokatika. Kwa mashine nyingi zenye kitufe cha mkono, mvumo ukipanda sahani inaposhuka, usawazisho umezidi, basi upunguze. Mvumo ukididimia, umepungua, basi uongeze. Lakini angalia kitabu cha mashine yako, kwa kuwa watengenezaji hawakuafikiana wote. Endelea hivyo mpaka mvumo usipande wala usishuke. Hapo tu ndipo kazi ya kutafuta inapoanza, si kabla yake.

Wala usidhani kuwa umekwisha. Usawazisho wa asubuhi si hoja adhuhuri. Ukitoka kwenye udongo mwekundu ukaingia mbuga nyeusi, ukipanda penye kichuguu, ukipita palipokuwa na tanuri la mkaa, ambapo moto umeugeuza udongo ukawa na sumaku zaidi kuliko wa jirani yake, au mvua ikinyesha na ardhi kulowa, sawazisha upya. Twarudia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupuuza: kila ardhi inapobadilika, sawazisha upya.

Zipo mashine zinazojisawazisha zenyewe kadiri mtu anavyotembea, nazo zina manufaa pale udongo unapobadilika kila hatua chache. Ila zina hatari yake, kwani mtafutaji akisikia mlio hafifu akaipitisha sahani juu yake mara nyingi, mashine huweza kuidhania dhahabu ile kuwa ni udongo na kuifuta. Ukisikia mlio wa shaka, funga kwanza usawazisho pale ulipo, ndipo urudie. Kadhalika, yule anayepandisha usikivu wa mashine hata mwisho akitaraji kufika chini zaidi, katika ardhi ya chuma hujidhulumu mwenyewe: udongo humpigia kelele, na punje humezwa na kelele hizo. Punguza usikivu, chukua sahani ndogo, ambayo huona udongo kidogo kwa wakati mmoja, na uipeleke taratibu.

Amma ardhi ya chumvi na magadi, mfano wa kandokando ya Ziwa Natron na Eyasi, au pwani palipolowa maji ya bahari, hiyo ina shida ya peke yake, kwa kuwa chumvi iliyolowa hupitisha umeme na mwangwi wake hukaribiana na ule wa punje ndogo. Mashine ya masafa mamoja, yaani inayotuma nguvu yake kwa mtetemo wa kasi moja tu, haiwezi kuzima chumvi na chuma kwa pamoja; yahitajiwa ya masafa mengi, au ile inayotuma nguvu yake kwa mapigo.

Tunalolihofia kuliko yote ni shimo. Mtu akisikia mlio katika ardhi asiyoisawazisha huchimba. Asipoona kitu, na mlio ungalipo kwa kuwa ni wa udongo wenyewe, huamini kwamba dhahabu i chini zaidi, naye huongeza, mpaka sururu inafika mahali ambapo kuta hazina nguzo. Mlio wa udongo hauna mwisho wake chini. Kabla ya kuchimba, vuka mlio kutoka pande mbili, kisha inua sahani kidogo: metali ya kweli aghalabu hushika mahali pake, ilhali jiwe la chuma hupotea upesi au huhamahama. Toa udongo kidogo, upitishe juu ya sahani, usikilize mlio umehamia wapi. Kina kikifika magotini na hujakiona kitu, simama, sawazisha upya. Usiingie katika shimo lisilo na nguzo kwa ajili ya mlio. Na kila shimo ulilolichimba ulifukie kabla hujaondoka, maana ng'ombe na watoto hupita njia zile usiku.

Na kuhusu ruhusa ya kuchimba, leseni ya uchimbaji mdogo hupewa Watanzania, nayo haimruhusu mtu kuingia katika eneo la mwingine wala mahali palipohifadhiwa kwa mambo ya kale. Masharti mengine yatafutwe katika ofisi ya madini ya mkoa.

Na kwa wanaonunua: usitoe fedha yako kwa mashine uliyoonyeshwa juu ya meza ya duka, ambako haina udongo wa kuisumbua na hata pete ya muuzaji huiliza vizuri. Mwambie aje nayo shambani kwako, aisawazishe mbele ya macho yako juu ya udongo wako mwenyewe, azike kipande kidogo cha risasi kina cha kiganja, kisha akukabidhi wewe ukitafute. Akikataa kuja, ondoka na fedha yako.