Ngalawa Nyepesi kwa Anayejifunza: Mafunzo Niliyoyapata Bagamoyo

Mimi si mvuvi wala mtoto wa mvuvi. Kazi yangu ni ya chaki, na Bagamoyo nilihamia kikazi. Nilichokitaka baharini ni mchezo: kutweka tanga alasiri, kugeuza chombo nipendavyo katikati ya mawimbi, kisha kurudi kabla ya magharibi. Watu wa soko la samaki walishangaa kidogo kumwona mtu mzima anaingia majini na kurudi bila hata kibua mmoja. Hata hivyo walinisaidia kuchagua ngalawa, wakanifundisha na kuitumia. Haya ndiyo niliyoyaokota kwao.

1. Kwanza sema utaitumia kwa nini

Ngalawa nyingi zinazolala ufukweni mbele ya soko zimechongwa kwa kazi. Zinabeba nyavu au madema, watu wawili watatu na samaki wa kurudi nao, ndiyo maana gogo huongezwa mbao juu ya ubavu ili maji yasiingie mzigo ukijaa. Kwa mvuvi, uzito una faida yake: chombo kizito kikishashika mwendo hakisimamishwi na kila wimbi. Mtu wa mchezo anataka kinyume cha hayo. Anataka chombo kinachoondoka mara tu upepo unapogusa tanga, na kinachosikia mkono.

Fundi niliyemwendea hakunionyesha ngalawa hata moja kabla ya kuniuliza maswali yake. Utakwenda na nani? Utafika wapi? Nani atakusaidia kuisukuma? Nilimjibu kwamba nitakwenda peke yangu au na kijana mmoja, na kwamba ningependa kucheza kati ya forodha ya zamani na Kaole, siku nzuri nifike Mbegani kwenye chuo cha uvuvi. Nikaongeza kwamba siku moja, Mungu akipenda, nivuke hadi Unguja. Unguja iko kama kilomita 40 ng'ambo ya mlango wa bahari wenye mikondo yake. Akacheka. "Mwalimu, Unguja panda boti Dar. Hapa tuzungumze habari za Kaole." Tangu hapo nimewasikia wengi wakitafuta chombo cha safari ya ndoto zao, huku safari zao za kila wiki haziwapeleki mbali na macho ya watu wa pwani.

2. Maji yakitoka, uzito wa chombo ni wa mgongo wako

Hili halimo katika maelezo ya wauzaji, na kwa Bagamoyo nadhani ndilo la kwanza kupimwa. Ufuko wetu umelala. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi meta 3, na kwa kuwa mteremko ni mdogo, bahari hujivuta mbali kabisa, ikabaki tope, mchanga na vidimbwi ambamo akina mama na watoto huokota chaza. Ukichelewa kurudi, unaifikia nchi kavu huku chombo kimekaa mchangani, na nyumbani bado ni mbali.

Wavuvi hawana haraka. Hutia nanga, wakabeba samaki mabegani, wakangoja maji yarudi. Mwenye kipindi cha kwanza asubuhi hana nafasi hiyo. Ngalawa nyepesi watu wawili huiburuta juu ya vipande vya mnazi, wakivitoa nyuma na kuvitia mbele. Ile nzito inataka watu watano, na watu watano wanataka chai.

Kipimo chake ni rahisi: shika omo uinyanyue. Ukiweza kuiinua peke yako bila kukunja uso, inafaa kujadiliwa. Ipime ikiwa kavu, halafu urudi siku imetoka majini, kwa sababu gogo lililokunywa maji ni gogo jingine.

3. Mwembe ni mwema, ila ukuta ukiwa mwembamba mno utaujutia

Ngalawa nyingi za huku huchongwa kwa mwembe. Miembe ipo tele, hukua minene, na mti wake huchongeka vizuri. Ubaya wake ni kuoza upesi ukiachwa na maji ya mvua ndani, hivyo ngalawa isiyotoka hulazwa kifudifudi au kufunikwa makuti. Kupunguza uzito maana yake ni kupunguza unene wa ubavu, na fundi asiyejua atakupunguzia kila mahali sawa. Anayejua huacha unene chini, panapokwaruzwa na mchanga na mawe, akapunguza juu. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia tezi hadi omo. Sauti ikibadilika ghafla, uliza pana nini. Pengine ni kiraka, pengine ni ufa uliozibwa.

4. Fupi hugeuka, ndefu hukimbia

Ukisimama Msasani, Dar es Salaam, mahali wanapofanyia mazoezi watu wa klabu ya mashua, utaona watoto katika vile vidude vya Optimist vyenye urefu wa meta 2.3 na uzito wa kilo 35, na wakubwa kidogo katika Laser, meta 4.2 na kilo 59. Hakuna ngalawa ya mti yenye wepesi huo, wala haina haja nao. Nilichojifunza kwa kuwatazama ni kwamba mtoto hupewa kifupi kwanza, kwa sababu hicho humwambia papo hapo alichofanya. Akikosea usukani, kinageuka. Akivuta kamba kupita kiasi, kinalala upande. Ngalawa ndefu ya kazi huchukua muda kabla ya kukujibu, na ikikujibu umeshasahau ulichokosea.

Nilichagua fupi. Upepo ukiwa wa kutosha, wavuvi hunipita wote, nami huwapungia mkono.

5. Matengo ndiyo yanayosamehe

Kama una siku moja tu ya kukagua ngalawa, nusu yake itumie kwenye matengo. Gogo lenyewe ni jembamba na huwezi kulisimamia likiwa na tanga. Kinacholizuia lisipinduke ni zile mbao mbili za pembeni, zilizoshikwa na miti inayokingama juu ya chombo. Vyombo vya namna hii, vyenye matengo pande zote mbili, vinaonekana katika pwani yetu, Komoro na Madagaska, na wataalamu wengi huvihusisha na mabaharia waliotoka visiwa vya Indonesia zama za kale. Kwa hiyo nyuma ya mbao hizo kuna majaribio ya karne nyingi. Usimruhusu fundi wa useremala wa milango akubunie zake.

Mbao hizo hazikai wima wala hazilali kabisa. Zimewekwa mshazari, na chombo kikiwa na mwendo, ile ya upande wa demani huteleza juu ya maji na kusukumwa juu. Mwendo ukipungua, msaada huo nao hupungua. Mwanagenzi aliyeingiwa na hofu hulegeza kila kitu, chombo kinasimama, kisha anashangaa kwa nini sasa kinayumba kuliko mwanzo. Mzee aliyenifundisha alikuwa akinikemea hapo hapo: "Usiizime! Ipunguzie upepo kidogo, lakini iache iende." Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi alinirudishia marahaba na kemeo lilelile.

Kuna suala la upana. Miti ya kukingama ikiwa mirefu, matengo hukaa mbali na gogo na ngalawa hukataa kupinduka. Lakini hugeuka kwa uvivu, kwa kuwa mbao zile hukokota maji. Ikiwa mifupi, chombo huchangamka, na wewe utaoga mara nyingi. Kwa anayeanza mimi ningesema chukua mirefu, hata kama ndoto yako ni kucheza. Unaweza kuikata baadaye. Hakuna aliyewahi kuirefusha.

Kisha angalia vifungo. Ngalawa nzuri imefungwa kwa kamba, haikupigiliwa misumari. Wimbi linapoinua tengo moja na kushusha jingine, viungo vinatakiwa vicheze kidogo. Msumari haukubali, na mti hupasuka mahali ulipotobolewa. Zamani kamba zilikuwa za usumba, sasa wengi hutumia nailoni. Nailoni haiozi, ila hulegea, kwa hiyo hukazwa upya kila unapotoka. Kijana wangu husema kazi hiyo inachosha. Kweli inachosha.

6. Tanga dogo kwanza

Tanga letu la pembetatu hutundikwa kwenye foromali ndefu, na ukitaka kubadili upande, foromali hiyo hupitishwa mbele ya mlingoti huku chombo kikigeuzwa kwa kufuata upepo. Ni kazi ya watu wawili wanaoelewana. Tanga likiwa kubwa na mtu yuko peke yake, sekunde zile ambazo kamba ya demani haishikwi na mtu ni ndefu kweli. Tanga dogo na foromali fupi hukuwezesha kufanya yote kwa mikono miwili na goti moja kwenye kasia.

Mengine ni ya kawaida: kagua mishono, hasa kwenye pembe. Tanga la turubai la mtumba lililochoka huwa na tumbo katikati, nalo haliendi joshi hata ulibembeleze vipi.

7. Pepo za kujifunzia

Watu wengi huuliza chombo wakasahau kuuliza mwezi. Pwani ya Bagamoyo inatazama upande wa kaskazini mashariki, kwa hiyo kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Februari, hukusukuma kurudi nchini. Foromali ikikatika, mawimbi yatakulowesha na aibu itakupata, ila utafika ufukweni. Kusi ni habari nyingine. Hupuliza kwa nguvu kuanzia katikati ya mwaka, na aliyeshindwa kubisha huchukuliwa taratibu kuelekea mlango wa Ruvu, kwenye mikoko na mafungu ya mchanga. Ngalawa nyepesi ndiyo inayochukuliwa haraka zaidi. Hapo ndipo wepesi unapodai bei yake, kwani hauna ule msukumo wa kupenya wimbi fupi la alasiri. Kila wimbi linakusimamisha na unaanza upya.

Kipindi kitamu ni tangambili, pepo zinapobadilishana na hakuna ulioshika hatamu. Kile cha Oktoba na Novemba ndicho ninachokipenda. Kile cha Machi na Aprili kina mvua za masika na dhoruba zinazokuja bila hodi. Jaketi la kuokolea livaliwe majira yote, hata wakikucheka. Watakucheka.

8. Ukishaweza, badili kitu kimoja

Baada ya kuzoea, shauku ya kwanza ni kununua chombo kikubwa. Wazee walinizuia, wakanipangia ngazi nyingine: kwanza tanga lipanuliwe kidogo kwenye gogo lilelile. Likizoeleka, miti ya matengo ifupishwe kwa shubiri. Baadaye ndipo gogo jipya. Mantiki yao ni kwamba ukibadili vitu viwili kwa pamoja hujui ni kipi kilichokupindua. Nilipopanua tanga niliona ngalawa yangu haijaisha hata kidogo. Ilikuwa na mwendo ambao tanga la kwanza halikuwahi kuutafuta.

Sasa kijana wangu ndiye anayetaka ya kwake, na anataka ndefu, kama zile za mashindano anazoziona kwenye simu. Gogo tumelipata Zinga, kwa mzee aliyekuwa anaukata mwembe wake uliozeeka. Fundi amelichonga nusu na kuliacha kivulini likauke polepole lisipasuke. Kuhusu urefu bado hatujakubaliana, ila fundi ameshatuambia sote wawili kwamba gogo likikauka atakata anavyoona yeye.