Utata wa "Volteji ya Mota" katika Kupima Mwendokasi wa Kigari cha Umeme wa Jua

Makala haya yanachunguza kirai kimoja kinachotumika katika ufundishaji wa fizikia kwa Kiswahili, nacho ni "volteji ya mota". Kama ilivyo katika "mapenzi ya mama", ambapo mama aweza kuwa mpenda au mpendwa, a-unganifu hapa hauonyeshi uhusiano wa kidhima. Mota yaweza kuwa mpokeaji wa volteji itokayo kwenye paneli, au mzalishaji wake, kwani mota ya mkondo mnyoofu yenye sumaku ya kudumu inapozunguka huzalisha volteji yake yenyewe, iliyo sawia na mzunguko.

Utata huu hupotosha vipimo. Mathalani, mota yenye ukinzani wa omu 1 ipitishe mkondo wa ampea 0.5, na voltimita ionyeshe volti 3. Volti 0.5 zimetumika kuushinda ukinzani. Zinazotokana na mzunguko ni 2.5 tu. Ikiwa mota hiyo huzalisha volti 1 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika, basi inazunguka mara 2500, wala si 3000. Magurudumu yakishikwa yasizunguke, huku paneli ikiendelea kutoa mkondo uleule, voltimita itasoma volti 0.5 ilhali kigari kimesimama. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba "volteji ya mota ndiyo mwendokasi" hana njia ya kulieleza jambo hilo.

Je, istilahi mpya itafaa? "Volteji kinzani" inavutia kwa ufupi wake, lakini humrudisha msomaji kwenye "ukinzani", dhana ambayo ndiyo hasa inayopaswa kutenganishwa. "Volteji ya mzunguko" nayo ina kasoro mbaya zaidi, kwa kuwa "mzunguko" ni pia njia ya umeme. Hivyo basi, maelezo yenye kitenzi yanafaa kuliko nomino ambatani (hata kama wapenzi wa istilahi fupi hawataridhika): "volteji inayotiwa kwenye mota" na "volteji inayozalishwa na mota". Kauli ya kutendwa, pamoja na "na" ya mtenda, hubainisha kile ambacho a-unganifu umekificha.

Tofauti hiyo yaweza kuthibitishwa darasani. Kigari kikiwa mbioni, paneli ikatwe. Mkondo hukoma, na kwa muda kigari kinaposerereka voltimita husoma volteji inayozalishwa na mota peke yake.