Disiki imepotea ao imebadili herufi? Musifinye «Formater» mbele ya kutazama

Somo la mwezi huu halihusu kahawa yenyewe, wala mbolea, wala magonjwa ya mihogo. Linahusu ordinatere ya kooperative, fasi munaweka hesabu ya kahawa. Tunaliandika juu ya simu moja tuliyopata.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, siku mbili mbele ya malipo ya pili. Sekretere wa kooperative moja kando ya Ziwa Kivu alitupigia, sauti yake inatetemeka: «Papa agronome, ordinatere imekula kilo zetu zote. Iko inaniuliza formater. Nifinye?» Tukamujibu: «Hapana, mama. Usifinye kitu. Acha hivyo hivyo, tuko tunakuja.»

Kilo hizo zilikuwa za msimu mzima: kila mwanamemba, kila siku aliyoleta kahawa mbivu kwenye stasio ya kuosha, uzito wake, na avansi aliyokwisha kupokea. Bila liste hiyo, malipo ya pili hayagawanyiki kwa haki. Papa prezida alikwisha kuanza kusema walipe watu wote sawasawa, halafu watatazama. Munajua wenyewe: aliyeleta kilo 900 na aliyeleta kilo 60, ukiwapa sawasawa, msimu unaofuata yule wa kwanza atauzia kahawa yake barabarani.

Tulipofika tulikuta hivi. Kilo zao ziko katika disiki ya inje, ile ndogo ya kuchomeka na kable. Siku zote ordinatere iliiita E. Lakini siku ile kulikuwa na flashi ya mtu aliyepiga picha kwenye mkutano, imesahauliwa nyuma ya mashine. Flashi ile ilikuwa mbovu, na ndiyo iliyochukua E. Disiki ya kahawa ilipochomekwa ilikuta E ina mtu, ikapewa F. Mama sekretere alifungua kahawa yake kwa alama iliyo kwenye ekra, alama inayokwenda E moja kwa moja. Ikamwambia fishie haionekani. Ordinatere ikaleta na ule ujumbe kwamba lazima kuformater disiki iliyo katika E. Naye akaelewa kwamba disiki ya kahawa imekufa.

Haikufa. Ilikuwa F, na kilo zote ndani yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza: herufi si jina la disiki. Ni kama jeto munayogawa asubuhi ya mizani. Leo mama fulani ana namba 5, kesho namba 5 iko kwa mwingine. Windows inagawa herufi kwa vitu inavyovikuta. A na B ziliachiwa zamani diskete, zile sahani ndogo ambazo vijana wetu hawakuziona. Ndiyo maana disiki ya ndani inaanza na C. Kisha mara nyingi D ni sehemu ya pili ya disiki ileile, ao ni mlango wa kuingiza DVD, zaidi katika mashine za okazio ambazo nyingi wenu munatumia. Tumeona mtu akihangaika kuweka rapoti ndani ya D, kumbe D yake ni mlango wa DVD na hakuna sahani ndani. Vitu vinavyochomekwa vinafuata: E, F, G.

Hatari inakwenda pande mbili. Mama huyu alitaka kuformater E akifikiri ni kahawa iliyokufa. Kooperative nyingine tunayoijua ilifanya kinyume: walitaka kusafisha flashi, wakaformater E, kumbe siku hiyo E ilikuwa disiki yao. Walirudia kuandika kilo zote kutoka kwenye vipande vya resi, siku nyingi, na vipande vingine panya walikuwa wamekwisha kuvila.

Sasa, disiki ikipotea mutafanya nini?

Muanze na mwili wake, mbele ya kufinya chochote. Chomoa flashi zote zingine na vitu vyote ambavyo si vya kazi hiyo. Tazama kable. Kuna kable za simu zinazofanana na ya disiki lakini zinapitisha moto tu, hazipitishi maandiko. Chomeka disiki katika tundu lingine. Katika mashine kubwa ya mezani, tundu za nyuma ni bora kuliko za mbele. Kisha weka mkono juu ya disiki: inatetemeka kidogo? Inazunguka? Disiki ndogo inakula moto kutoka kwenye ordinatere yenyewe, na moto ukiwa haba inaweza kuwaka taa bila kuzunguka vizuri. Kama munatumia pano za jua na batri imechoka saa kumi ya jioni, ngojeni kesho saa nne, jua likiwa kali, mujaribu tena. Tumetengeneza disiki «zilizokufa» kwa namna hiyo bila kugusa kitu.

Lakini mukisikia ndani yake tak, tak, tak, bila kuacha, chomoeni palepale. Hapo ni ugonjwa wa ndani ya chuma. Kila mara munapoiwasha munaongeza kidonda. Iende kwa fundi wa kutosha maandiko, ao ikae kimya mpaka mumpate.

Mwili ukiwa muzima, muende kwenye liste ya kweli. Ukurasa «Ce PC» hauonyeshi vitu vyote. Finya kwa pamoja butoni yenye alama ya Windows na X, halafu chagua «Gestion des disques». Pale chini mutaona kila disiki katika mstari wake, hata ile isiyo na herufi. Hapa munatazama tu kwanza, macho bila mikono.

Namna gani kuitambua? Kwa ukubwa wake. Lakini muangalie: disiki iliyoandikwa giga 500 kwenye gamba itaonyeshwa kama 465 hivi. Ya tera 1 itaonyeshwa 931. Flashi ya 16 itakuwa karibu 15. Hakuna aliyewaiba. Wenye kiwanda wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, basi namba inapungua kila ngazi. Mukiona disiki mbili, moja ya 465 na moja ya 15, hamuwezi tena kukosea ipi ni ya kahawa, hata herufi zikibadilishana kutwa.

Kama disiki yenu iko pale lakini haina herufi, ni jambo dogo. Finya juu ya sehemu yake kwa butoni ya kuume ya suri, chagua «Modifier la lettre de lecteur et les chemins d'accès», kisha «Ajouter». Kuipa herufi hakufuti kitu. Kuibadilisha pia hakufuti. Tunawashauri musiipe E wala F, ambazo kila flashi inayoingia inazigombea. Muipe herufi ya mbali. Kooperative ile tuliipa K, na ordinatere yao inaikumbuka kila inapochomekwa. Tulitengeneza na ile alama ya kwenye ekra ili iende K, sipo ingeendelea kutafuta E. Herufi ya C musiiguse. Na vile vipande vidogo vinavyoitwa «Réservé au système» ao «Récupération» ni vya mashine yenyewe. Hamuvihitaji, na kuvifuta ni kutafuta matata.

Kama inaandika «RAW», ao «Non alloué», ao inauliza kuinitialiser, hapo simameni. Maana yake Windows haisomi mpangilio wa ndani. Mara nyingine maandiko bado yako. Inatokea pia kwamba disiki ni nzima kabisa lakini ilitengenezwa na mtu wa Linux. Windows haijui kusoma mpangilio ule, na badala ya kusema «sijui», inaomba kuformater. Sisi wenyewe tumeletewa disiki kama hiyo kutoka ofisi moja mjini. Muijaribu kwanza kwenye mashine ya yule aliyeituma.

Kuna kesi nyingine ambayo munaiona sana kuliko zote. Flashi inaonekana, herufi iko, lakini madosie yote yamekuwa mishale midogo, ao ndani mutupu, na kumbe ordinatere inasema imejaa nusu. Hiyo si disiki iliyopotea. Ni virusi iliyoficha madosie. Musifinye mishale ile. Fungueni «Affichage», muweke alama kwenye «Éléments masqués», na madosie yanaweza kurudi kuonekana, rangi yake hafifu. Mukopie maandiko yenu tu, muache mishale, kisha flashi isafishwe na antivirusi.

Na ile flashi ya tera 2 mnayouziwa sokoni kwa bei ya soda mbili? Imedanganywa ndani ili iseme ukubwa isiokuwa nao. Inapokea maandiko bila kulalamika, halafu siku ya kufungua hakuna kitu. Hiyo hakuna «Gestion des disques» itakayoiponya.

Turudi kwa mama sekretere. Mbele ya kuondoka tulifanya naye vitu vitatu, na vilichukua muda mfupi. Tuliiandika disiki jina ndani: finya butoni ya kuume juu yake, «Renommer», KAHAWA. Jina hilo linakwenda na disiki hata kwenye mashine nyingine, herufi haiendi nayo. Katika flashi nyingi jina lisipite alama 11. Halafu tulibandika skochi juu ya gamba: KAHAWA, giga 465, herufi K. Maneno yaleyale yakaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye ya mizani, ili hata siku sekretere ni mugonjwa, mwingine aweze kulinganisha mbele ya kufinya.

Kisha tulikopia kilo zote ndani ya flashi ya pili. Palikuwa na mabishano kidogo juu ya fasi ya kuiweka. Papa prezida alitaka ikae katika armware ya biro, karibu na disiki. Mama wa kamati ya usimamizi alikataa: mwizi ao moto ukiingia biro, vyote viwili vinakwenda. Flashi iko kwake sasa, na inarudi biro kila Jumamosi ya mizani kupokea kilo za juma.

Malipo ya pili yalifanyika siku iliyopangwa, kila mutu kwa kilo zake.