Kidole kimerudi kujikunja: upasuaji au sindano?

SWALI: Daktari, mimi nauza mchele hapa Mwanjelwa, Mbeya, nina miaka 58. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kilijikunja, nikapasuliwa, kikanyooka vizuri. Karatasi ya hospitali iliandikwa Dupuytren. Sasa kimeanza kurudi kule kule na kidole kidogo kinafuata. Hata kuchota mchele kwa kiganja siwezi, nikinawa uso kidole kinanichoma jichoni. Kijana wangu aliyeko Uingereza anasema kuna sindano ya kuyeyusha ule uzi bila kupasuliwa. Jirani ananikanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi, na sasa anataka nichanjwe chale kiganjani damu mbaya itoke. Sukari ninayo, natumia vidonge. Nishike lipi?

JIBU: Mzee wangu, kabla ya lolote, leo jioni usikandwe. Na huo wembe usikaribie kiganja chako. Habari ya sindano ya kijana wako tutaifikia, nayo inaweza kungoja. Ya jirani haiwezi.

Barua za namna hii nazipata kila msimu, na karibu zote zina beseni la maji ya moto ndani yake. Imani ni moja: kidole kimejikunja kwa sababu mshipa umefupika au umekamatwa na baridi, kwa hiyo ukipashwa moto na kuvutwa utalainika. Si hivyo. Chini ya ngozi ya kiganja kuna utando mgumu, na katika ugonjwa huu utando huo unanenepa, unageuka kuwa kamba na kukivuta kidole. Zaidi ya hapo anatomia haitakusaidia kitu. Kamba hiyo hailainiki kwa joto, haiyeyuki kwa chumvi, na ukiivuta kwa nguvu utakachoumiza ni kiungo na ngozi.

Basi kwa nini watu wanaapa kwamba kukandwa kumewaponya? Kwanza, mkono wowote uliokakamaa ukiuzamisha kwenye maji ya moto, hasa kwa baridi yetu ya Juni na Julai, unakuwa mwepesi kwa saa moja hivi. Pili, ugonjwa huu una tabia ya kutulia wenyewe hata kwa miaka, kisha unaendelea. Ukitulia wakati unakandwa, sifa anapewa mkandaji. Ukiendelea, unaambiwa hukukandwa vya kutosha, au kuna mtu sokoni kakutupia kitu. Hilo la kutupiwa sitalijadili hapa.

Kwako wewe hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ya sukari. Sukari ya muda mrefu huua hisia za vidole, vya mkononi kama vya miguuni. Anayekukanda anajaribu maji kwa mkono wake mzima, anaona yanavumilika. Wewe husikii. Asubuhi unakuta lengelenge pembeni ya kidole, unalitoboa kwa sindano ya kushonea, unapaka dawa ya meno. Siku ya nne mkono umevimba hadi kwenye kiwiko na usaha unatoka kwenye kiganja. Sisemi haya ili kukutisha. Madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari wenye mikono ya namna hiyo kati ya 1998 na 2002, na ripoti ikachapishwa mwaka 2002 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Wengi walianza na jeraha dogo tu, mchubuko au kuumwa na mdudu, wakakaa nalo nyumbani. Wapo waliokatwa vidole, wapo waliokatwa mkono, na wapo waliokufa.

Chale ndizo mbaya kupita zote. Mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda kwenye kidole hupita karibu kabisa na ile kamba, na kwa mtu aliyewahi kupasuliwa, kovu linaweza kuwa limeisogeza kutoka mahali pake. Daktari wa upasuaji mwenyewe hufunga mkono usitoe damu na huvaa miwani ya kukuza ili aione mishipa hiyo, na bado hutembea taratibu. Jirani yako ana wembe na taa ya simu. Damu mbaya haipo, mzee. Iliyomo humo ni hiyo hiyo unayoihitaji ili kidole kiwe hai.

Sasa sindano. Kijana wako hakudanganya. Ni kimeng'enya kutoka kwa bakteria kinachokula ile kamba, kisha baada ya siku moja hadi tatu daktari anakitia kidole ganzi na kukinyoosha. Marekani waliiruhusu mwaka 2010. Ulaya nako ilitumika, lakini kampuni iliiondoa sokoni huko mwaka 2020 kwa sababu za kibiashara, kwa hiyo hata huko aliko kijana wako haipatikani kirahisi. Marekani gharama yake ni maelfu ya dola. Kuisubiri ifike Mbeya ni kukipa kidole muda wa kujifunga.

Wala si kwamba tumekosa muujiza. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliolinganisha sindano hiyo na upasuaji kwa wagonjwa zaidi ya 600. Baada ya mwaka mmoja sindano haikuufikia upasuaji. Faida yake ni kwamba hakuna mshono, na mtu anarudi kazini mapema. Hasara yake ni kwamba kamba hurudi zaidi, na mara chache dawa hiyo hukata kano, jambo linalohitaji upasuaji mkubwa kuliko ule uliokuwa unaukwepa.

Ipo njia nyingine ya sindano ya kawaida, isiyo na dawa: daktari anaikatakata kamba kwa ncha yake chini ya ganzi. Ni rahisi na ya bei nafuu. Lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano ugonjwa ulirudi kwa wagonjwa 85 kati ya 100 waliofanyiwa hivyo, dhidi ya 21 kati ya 100 waliopasuliwa. Kwa mtu mgonjwa sana asiyefaa kupasuliwa ningeikubali. Kwako ningesita, maana penye kovu kuchoma bila kuona ndani ni kubahatisha.

Na tafadhali usichanganye hizo na sindano ya steroidi unayoweza kuchomwa kwenye duka la dawa mtaani. Hiyo inafaa kwa kidole kinachokwama na kuachia kwa kishindo, ambao ni ugonjwa mwingine. Kidole kilichokwisha kujikunja hainyooshi, na sukari itakupanda kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo rai yangu ni upasuaji wa pili, kwa daktari bingwa, sukari ikiwa imeshuka kwanza. Nitakuwa mkweli: wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Uwezekano wa kubaki na ganzi pembeni ya kidole ni mkubwa zaidi, na pengine ngozi iliyoshikana na kovu itaondolewa na kupandikizwa nyingine. Hilo la kupandikiza lisikuogopeshe, kwa kuwa chini ya ngozi mpya kamba hurudi kwa nadra. Mazoezi ya mkono baadaye ni sehemu ya tiba. Ukiyaacha, kovu jipya litafanya kazi ya kamba ya zamani.

Linaloniudhi katika barua yako ni neno "kila jioni", maana kila jioni ya kukandwa ni muda unaopotea. Kiungo cha kidole kilicho karibu na kiganja husamehe kuchelewa, kinaweza kukaa kimejikunja miaka na bado kikanyooka. Kiungo cha katikati hakisamehi. Kikikaa miezi kimekunjwa kinakakamaa chenyewe, na hapo daktari akiiondoa kamba yote kidole kinabaki vilevile. Watu wananiletea kidole kilichogusa kiganja, ngozi ya ndani imelowa na kuoza kwa kutopata hewa, wananiuliza kwa nini nazungumzia kukikata.

Weka kiganja chako juu ya meza sasa hivi, kifudifudi. Kisipolala chote bapa, usingoje mavuno wala watoto wafunge shule. Nenda kituo cha afya wiki hii, pima sukari, omba barua ya rufaa uende kwa bingwa wa upasuaji katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Chukua na ile karatasi ya upasuaji wa kwanza, daktari atataka kujua mwenzake alikata wapi.