Fumbo la Meli Iliyopotea: Namna ya Kuipima Habari Kabla ya Kuisambaza

Video hizi huja kwenye simu kila baada ya muda, zote za namna moja: muziki wa kutisha, ramani yenye pembetatu nyekundu juu ya Atlantiki, na sauti nzito ikieleza kwamba meli na ndege humezwa pale bila kuacha hata ubao. Kwenye kundi, mmoja atasema ni majini, mwingine viumbe wa sayari nyingine, wa tatu atasema serikali kubwa zinaficha jambo. Kabla hujaisambaza, kumbuka kwamba ndani ya kila kisa cha aina hii wamo watu waliokufa, na wapo jamaa zao waliobaki kusubiri. Hao wanastahili habari ya kweli.

Habari hizi hupimika, na anayezipima hahitaji kuwa baharia wala rubani. La kushika ni hili: mafumbo mengi ya baharini hutengenezwa kwa kupunguza. Msimulizi huondoa dhoruba, huondoa saa, huondoa shehena, na kinachobaki huonekana muujiza. Kazi yako ni kurudisha alichokiondoa. Fuata hatua hizi sita.

1. Dai jina, tarehe na mahali

Habari isiyotaja jina la chombo, tarehe na mahali haina pa kushikwa; iache hapo hapo. Ikiwa navyo, fungua ramani. Pembetatu ya Bermuda kwa kawaida huchorwa kutoka Miami hadi kisiwa cha Bermuda, kisha San Juan ya Puerto Rico. Lakini mipaka hiyo si rasmi, kwa hiyo kila mwandishi huivuta apendavyo.

Mary Celeste, meli maarufu iliyokutwa ikielea bila mtu, hutiwa mara nyingi ndani ya pembetatu hiyo. Kweli ni kwamba ilikutwa Desemba 1872 kati ya visiwa vya Azores na pwani ya Ureno, upande wa pili wa bahari. Merikebu ya Kijerumani Freya, iliyoachwa na watu wake mwaka 1902, nayo imehesabiwa humo, ilhali ilikuwa Pasifiki, upande wa Mexico. Msimulizi aliyekosea bahari nzima hakukagua alichokiandika. Mengine yote aliyoyasema yasubiri hadi wewe uyakague.

2. Mtafute msimulizi wa kwanza

Jina la Pembetatu ya Bermuda lilienea kutokana na makala ya Vincent Gaddis katika jarida la Argosy, Februari 1964. Mwaka 1974 Charles Berlitz akatoa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni. Mwaka uliofuata Larry Kusche, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, akatoa kitabu cha kujibu. Njia yake mtu yeyote anaweza kuifuata: kwa kila kisa alitafuta magazeti ya siku zile zile, kumbukumbu za hali ya hewa na taarifa za uchunguzi, akavilinganisha na vitabu vilivyoandikwa miaka mingi baadaye. Palipoandikwa bahari shwari, mara kadhaa magazeti yalitaja dhoruba. Visa vingine vilitokea mbali kabisa na pale, na vingine hakuona ushahidi kwamba vilitokea.

Mary Celeste inatupa kipimo chepesi zaidi. Mwaka 1884 Arthur Conan Doyle aliandika hadithi ya kubuni iliyotokana na kisa hicho, akaiita meli Marie Celeste. Ukiona jina limeandikwa hivyo, jua kwamba hadithi ya kubuni imeshachanganyika na habari.

Baada ya hapo tazama kilichokutwa kwenye meli yenyewe. Ilikuwa imebeba mapipa 1,701 ya alkoholi, na mapipa tisa yalikutwa matupu. Nahodha Benjamin Briggs, mkewe, binti yao mdogo na mabaharia saba hawakuwepo. Mashua haikuwepo. Sekstanti na kronomita, vyombo vya kujulia mahali ulipo baharini, navyo havikuwepo. Watu walionyakuliwa na pepo hawabebi vyombo vya kutafutia njia. Wanaohama chombo kwa hofu ndio huvibeba. Hofu yenyewe ilitokana na nini, hapo watafiti wanabishana, na wengi hutaja mvuke wa ile shehena na woga kwamba ingelipuka. Hata hivyo swali limeshakuwa dogo kuliko lile la kwenye video.

3. Rudisha hewa, saa na mafuta

Hatua hii ndiyo yenye kazi kubwa, na kisa cha kujifunzia ni kile cha Flight 19.

Desemba 5, 1945, kama saa 8:10 mchana, ndege tano za kivita aina ya Avenger ziliondoka Fort Lauderdale, Florida, zikiwa na watu 14. Zilikuwa kwenye zoezi: kwenda mashariki, kudondosha mabomu ya mazoezi, kugeuka kaskazini juu ya Bahamas, kisha kurudi kambini. Hazikurudi. Simulizi maarufu inasema anga lilikuwa safi, bahari shwari, marubani wote wazoefu, kisha wakanyamaza ghafla baada ya mmoja kusema bahari haionekani kama kawaida.

Sasa rudisha yaliyoondolewa, moja baada ya jingine.

*Marubani.* Kiongozi wao, Luteni Charles Taylor, alikuwa mzoefu. Marubani wengine wanne walikuwa bado mafunzoni.

*Redio.* Hawakunyamaza ghafla. Walisikika kwa saa kadhaa. Taylor alisema dira zake zote mbili zimeharibika, na aliamini yuko juu ya Florida Keys, vile visiwa vya kusini-magharibi mwa ncha ya Florida. Inavyoonekana walikuwa juu ya Bahamas, upande wa mashariki. Weka kidole kwenye ramani uone uzito wa kosa hilo: aliye juu ya Keys akielekea kaskazini-mashariki hufika bara, lakini aliye juu ya Bahamas akishika njia hiyo hiyo huingia katikati ya Atlantiki. Na yale maneno ya ajabu kuhusu bahari hayamo kwenye kumbukumbu ya mazungumzo ya redio.

*Saa na hewa.* Jua lilitua kabla ya saa 12 jioni. Hali ya hewa iliharibika na mawimbi yakakua. Sauti ya mwisho ilisikika kama saa 1:04 usiku, na mafuta yalikadiriwa kwisha kama saa 2. Ndege ya tani kadhaa ikitua gizani juu ya mawimbi makubwa huzama upesi.

*Ndege ya sita.* Ndege ya uokoaji aina ya Mariner, yenye watu 13, iliruka kwenda kuwatafuta nayo ikapotea. Video husema ilimezwa vile vile. Haisemi kwamba meli ya mafuta Gaines Mills iliona moto mkubwa usiku ule, ikapita penye mafuta yaliyotanda juu ya maji. Mariner zilijulikana kwa mvuke wa petroli uliokuwa ukijaa ndani yake; cheche moja ilitosha.

Mabaki ya zile ndege tano hayajapatikana. Jeshi la Majini la Marekani kwanza lilimtupia lawama Taylor, kisha, baada ya familia yake kupinga, likabadili uamuzi na kuandika kwamba sababu haijulikani. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki kwa mtu asiyeweza tena kujitetea. Wasimulizi wakaigeuza kuwa ungamo la muujiza.

4. Uliza vingapi vimepita salama

Orodha ya vyombo vilivyopotea hutisha mpaka uulize idadi ya vilivyopita. Eneo la Bermuda lina msongamano wa meli, ndege na boti za starehe. Mkondo wa Gulf Stream huenda kasi hapo na kuyapeleka mabaki mbali, na msimu wa tufani huwa kuanzia Juni hadi Novemba. Penye vyombo vingi na hewa ya namna hiyo, ajali zitakuwepo.

Wanaolipia hasara ndio wa kuulizwa. Soko la bima la Lloyd's la London halikuona kwamba eneo hilo ni la hatari kuliko mengine, na Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani nacho hakiitambui hatari ya pekee pale. Mfanyabiashara wa bima akijua mahali panapomeza meli, atapandisha malipo siku hiyo hiyo.

5. Ipime nadharia, hata ile inayokupendeza

Wapo wanaokataa majini lakini wakakimbilia nadharia yoyote yenye harufu ya sayansi. Nayo iulize: ingekuwa kweli, tungeona nini?

Chukua ile ya gesi ya methani kububujika kutoka sakafu ya bahari na kuzamisha meli. Ingekuwa kweli, sakafu ya bahari ingekuwa na alama za milipuko ya karibuni. Idara ya Jiolojia ya Marekani imesema hakuna ushahidi wa milipuko mikubwa ya gesi hiyo eneo lile kwa miaka 15,000 iliyopita. Tena gesi ya baharini haielezi rubani aliyepotea njia kwa saa kadhaa huku akizungumza redioni.

Kipimo hicho hukata pande zote mbili. Kwa vizazi vingi mabaharia walisimulia ukuta wa maji unaoinuka peke yake, na wataalamu wengi wakaona wanatia chumvi. Januari 1, 1995, kifaa cha kupimia kwenye jukwaa la Draupner, Bahari ya Kaskazini, kilinasa wimbi la mita 25.6, na ubishi ukaisha. Hapo kisa cha meli ya Kijerumani München, iliyopotea Atlantiki Desemba 1978 na watu 28, kikaanza kueleweka. Moja ya mashua zake za kuokolea ilipatikana vyuma vya kuishikilia vimepindwa, na mahali pake melini palikuwa takriban mita 20 juu ya maji. Kwa hiyo shaka yako isiwe ukaidi. Mtu wa bahari akikueleza alichokiona, kiandike kwanza, kisha tafuta kipimo.

6. Tenganisha "hatujui bado" na "hakuna maelezo"

Juni 1, 2009, ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipotea Atlantiki na watu 228. Kwa karibu miaka miwili kila mtu alikuwa na nadharia. Aprili 2011 mabaki makuu yalipatikana kama mita 3,900 chini ya maji, na visanduku vyeusi vikatolewa. Barafu ilikuwa imeziba vipima kasi, mtambo wa kujiendesha ukajizima, pua ya ndege ikainuliwa mno hadi mabawa yakashindwa kuibeba. Fumbo lilikwisha kwa sababu watu waliendelea kutafuta.

Ndege ya Malaysia, MH370, bado haijafika hapo. Machi 8, 2014, iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing na watu 239. Sauti ya mwisho kutoka humo ilikuwa saa 7:19 usiku. Ishara zake zikaendelea kupokewa kupitia setilaiti hadi saa 2:19 asubuhi. Ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 ilisema wazi kwamba haikuweza kubaini sababu. Unapozungumzia kisa kama hiki, gawa karatasi mara mbili. Upande mmoja andika kinachojulikana: iligeuka kutoka njia yake, iliruka kwa saa nyingi, ikaishia Bahari ya Hindi. Upande wa pili andika kisichojulikana: nani au nini kiliigeuza, na mwili wake umelala wapi. Nafasi iliyo tupu iache tupu. Anayeijaza kwa kumtuhumu rubani au serikali fulani bila ushahidi anamsingizia mtu.

Maswali ya kubandika kwenye kundi

Video ikija tena, jibu kwa upole na kwa maswali haya:

- Chombo kinaitwaje, kilipotea lini, wapi hasa?
- Nani alisimulia kwanza, na miaka mingapi baada ya tukio?
- Hewa ilikuwaje, saa ngapi, mafuta na shehena vilikuwaje?
- Vyombo vingapi hupita hapo bila kudhurika?
- Maelezo haya yangekuwa kweli, tungeona nini?
- Wachunguzi waliandika nini? Taarifa nyingi za ajali za ndege husomwa bure kwenye intaneti.

Na kwa sisi wa pwani

Uchunguzi wa MH370 umepita hata Pemba. Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kilipatikana kisiwani humo. Kilipelekwa Australia, na kwa namba zilizopigwa kwenye vifaa vyake wataalamu wakathibitisha kwamba ni cha ndege ile. Kilikuwa sehemu ya flapu ya kulia, ile sehemu ya nyuma ya bawa inayoshushwa ndege inapotua. Alama za kuvunjika kwake ziliwaonyesha wachunguzi kwamba inaelekea flapu ilikuwa haijashushwa ndege ilipoanguka. Jambo hilo lina uzito katika mjadala wa kama kuna mtu aliyekuwa akiitua kwa utaratibu, na lilitokana na kipande kilichotupwa ufukweni.

Basi ukiokota kitu kinachofanana na cha ndege au meli, usikikate, usikisugue, using'oe kome na viumbe walioshika juu yake, kwani wataalamu husoma hata hao ili kujua kimeelea muda gani. Kipige picha pande zote pamoja na namba yoyote unayoiona. Andika tarehe, saa na mahali. Kisha kikabidhi kituo cha polisi au mamlaka ya usafiri wa anga au wa majini, na uchukue maandishi ya kukipokea. Familia za watu 239 zinasubiri vitu vya aina hiyo, na mikondo ya bahari hii huvileta kwenye fukwe zetu.