Somo: Kununua TV kubwa bila kugusa hela ya nyumbani

Kila mwaka ikikaribia Novemba, maduka yakianza kubandika matangazo ya Black Friday, napata swali lile lile: "Kaka, nataka TV kubwa, ninunue ipi?" Mimi ni mhasibu, si fundi TV. Kwa hiyo nitaanza na hela, halafu ndiyo tuje kwenye skrini.

Kwanza niwape kisa changu. Mwaka wangu wa pili hapa Toronto nilikuwa bado nabeba mbao mjengoni, digrii yangu ya biashara imelala kwenye begi. Nilikuwa napanga chumba kimoja Parkdale, karibu na Jameson Avenue. Desemba nikapita kwenye duka moja la kulipa kidogo kidogo kila wiki. Nikaiona TV ya inchi 65, "dola 27 tu kwa wiki". Nikasaini. Mtu niliyesoma hesabu chuoni sikuzidisha 27 mara wiki 104. Jibu ni dola 2,808. TV ile ile, kwa pesa taslimu na kodi juu yake, ilikuwa haifiki hata 1,400.

Januari baridi ikakaza, mjengo ukasimama, saa za kazi zikapungua nusu. Januari hiyo hiyo mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha tatu, shule ya bweni. Nikampigia mama nikamwambia hali ngumu, sina. Na kweli sikuwa nayo. Mama akaenda kukopa kwenye kikoba. Kwa hiyo TV ile ililipiwa riba mara mbili: moja nililipa mimi huku, nyingine alilipa mama kule, na yeye hajawahi hata kuiona.

Sikatai mtu kununua TV. Unamlea mzee wa watu siku nzima au unashinda juu ya kiunzi kwenye upepo, ukirudi una haki ya kukaa chini na kuangalia mpira. Ninachotaka ni TV hiyo ilipwe na hela yako wewe, siyo na ada ya mtoto nyumbani.

1. Jua bei kamili, siyo bei ya kwenye kibandiko

Ontario bei unayoiona dukani haina kodi. Kuna HST ya asilimia 13 inayoongezwa kwenye mashine ya kulipia. Tufanye mfano. Tuseme TV ya inchi 55 imeandikwa dola 600:

TV: 600
Kuletewa mpaka mlangoni: 50
Antena ya ndani: 40
Jumla ndogo: 690
HST asilimia 13: 89.70
Jumla unayolipa: 779.70

Umeona? Umetoka nyumbani na 600 kichwani, umerudi umetumia karibu 780. Ukipanga bajeti, panga kwa namba ya chini kabisa ya risiti.

Sasa tuseme hizo 779.70 umeweka kwenye kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 19.99 kwa mwaka, na kila mwezi unalipa dola 25 tu. Utamaliza deni baada ya karibu miezi 45, na utakuwa umelipa karibu dola 1,110. Yaani dola 330 hivi zimeenda kwa riba. Fikiria dola 330 zikifika nyumbani zinafanya nini.

Geuza hesabu. Ukiweka pembeni dola 30 kila wiki kwa wiki 26, unapata 780. Miezi sita, TV ni yako, hudaiwi na mtu. Kama mna mchezo wa upatu hapo kazini au kwenye jengo, omba zamu yako iangukie mwezi unaotaka kununua. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda, na najua wengi mnataka kuiona kwenye skrini kubwa. Basi anza kuweka mapema.

Tahadhari nyingine ni ile ofa ya "chukua leo, usilipe chochote kwa miezi 12". Mipango mingi ya namna hii ina sharti: usipomaliza deni lote ndani ya muda, riba inahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Wengine wanaongeza ada ya kufungua akaunti. Kama huelewi karatasi, usisaini. Ipige picha, mpelekee mtu anayeisoma vizuri, urudi kesho.

2. Wakati wa kununua

Ofa kubwa za huku ni mwishoni mwa Novemba na Boxing Day, tarehe 26 Desemba. Angalia kalenda yetu sisi sasa. Huo ndio wakati watu wa ujenzi wanapunguziwa saa kwa sababu ya baridi, na wiki chache tu mbele Kenya na Tanzania shule zinafunguliwa. Ofa inakuja pale pale mfuko unapobanwa pande zote mbili.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kabla ya kununua TV mwezi wa 11 au wa 12, hela ya Januari ya nyumbani iwe imeshatengwa, na kodi ya nyumba ya mwezi mmoja iwe imekaa benki. Kama haijatimia, subiri. Machi na Aprili matoleo mapya huanza kuingia madukani, na ya mwaka uliopita hushushwa bei ili yaondoke. TV ya mwaka jana inaonyesha mpira ule ule.

3. Ukubwa: pima chumba, usipime hamu

Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kutoka kona mpaka kona. Inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi, na inchi 65 ina sentimita 144 hivi. Ukiambiwa tofauti ni inchi 10 unaona ndogo, lakini eneo la skrini linaongezeka karibu asilimia 40.

Njia rahisi ya kuchagua: zidisha inchi za TV mara moja na nusu, ndiyo umbali mzuri wa kukaa. Kwa mita inakuja hivi:

Inchi 43: mita 1.6
Inchi 50: mita 1.9
Inchi 55: mita 2.1
Inchi 65: mita 2.5

Vyumba vingi tunavyopanga Parkdale, vile vya nyumba kubwa za zamani zilizogawanywa, ukikaa kitandani ukuta wa mbele uko mita mbili. Hapo inchi 50 au 55 imetosha kabisa. Kabla hujaenda dukani, chukua utepe wa karatasi, chora ukubwa wa TV ukutani, ukae na picha hiyo siku mbili. Mimi ningefanya hivyo ningejua kwamba ile ya 65 itaziba nusu ya dirisha.

Pima pia mlango, ngazi na lifti. Sanduku la inchi 65 lina urefu unaozidi mita moja na nusu. Usijidanganye kwamba utapanda nalo tramu ya 501 ya Queen jioni watu wamejaa. Na TV hubebwa ikiwa imesimama, hailazwi, kwa sababu kioo kinaweza kupasuka.

Jambo la mwisho kwenye ukubwa: mkataba wako wa kazi unaisha lini? Kama ni mwaka mmoja, au unalala kwa mwajiri, nunua ndogo unayoweza kuhama nayo bila kukodi gari.

4. Maneno ya kwenye sanduku

Muuzaji atakumiminia maneno. Haya ndiyo ya kuelewa:

4K: idadi ya nukta kwenye skrini, 3840 kwa 2160. TV nyingi za kuanzia inchi 50 siku hizi ni 4K, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa neno hilo peke yake.

LED, QLED na OLED: LED ya kawaida ndiyo nafuu. QLED ni ile ile iliyoboreshwa rangi. OLED ina weusi mzuri sana, lakini ni ghali. Kwa bajeti ya somo hili, LED nzuri au QLED ya mwaka jana inatosha.

Hz: mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde. Kuna masanduku yameandikwa namba kubwa yenye jina la kibiashara mbele yake, kumbe skrini yenyewe ni 60. Kwa mpira, habari na tamthilia, 60 haina tatizo. Usilipie 120 kama huchezi michezo ya video.

HDMI: tundu za kuchomekea vifaa vingine. Tafuta TV yenye tatu.

TV janja: ile inayoingia intaneti yenyewe. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue sehemu ya programu, utafute ile unayoangalia wewe. Usichukue neno "zote zipo".

5. Gharama ya kila mwezi ndiyo inayokula

Hapa ndipo wengi wanapigwa. TV unanunua mara moja, kifurushi unalipa kila mwezi. Tuseme umefungiwa kebo ya dola 50 kwa mwezi. Ukiweka kodi ni 56.50. Kwa mwaka ni dola 678, kwa miaka mitatu ni dola 2,034. Hizo zinazidi TV mbili na nusu za mfano wetu.

Sasa sikiliza. Mnara wa CN uko kilomita chache tu mashariki ya Parkdale, na unarusha chaneli za bure: CBC, CTV, Global, Citytv, OMNI na TVO. Antena ya ndani ukiiweka karibu na dirisha inazidaka bila kulipa mtu kila mwezi. Kitu kimoja tu cha kuhakikisha: muulize muuzaji kama TV ina kipokezi cha antena ndani yake, kwa sababu kuna skrini chache zinazouzwa bila nacho. Kwa chaneli za nyumbani, tumia intaneti ambayo tayari unailipia, siyo kifurushi kipya.

6. Ya mtumba na dhamana

TV ya mtumba inafaa, hasa mwisho wa mwezi watu wanapohama. Lakini iwashe kwanza kwa dakika 20. Weka picha nyeupe tupu, kagua kona zote na mistari. Jaribu kila tundu na rimoti. Kague na nyuma kwenye matundu ya hewa kama kuna kunguni. Majengo yetu tunayajua, na kuwafukuza kunguni kunagharimu kuliko TV. Hii ndiyo sababu sishauri kuokota TV iliyoachwa barabarani.

Ukinunua mpya, jua kwamba Ontario hakuna sheria inayolazimisha duka kurudisha hela eti kwa sababu umebadili mawazo. Inategemea utaratibu wa duka. Uliza ni siku ngapi, na tunza risiti na sanduku mpaka siku hizo ziishe. Dhamana ya kiwanda mara nyingi ni mwaka mmoja. Kabla ya kulipia dhamana ya ziada, angalia kama kadi yako inaongeza muda huo bure. Zipo zinazofanya hivyo.

7. Usinunue TV huku ukaitume nyumbani

Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Wengi wanataka kuwashangaza wazazi, wanaipakia kwenye kontena. TV za Canada zinapokea mawimbi ya antena kwa mfumo wa ATSC. Kenya, Tanzania na Uganda wanatumia DVB-T2. Ikifika haitashika chaneli kwa antena yake yenyewe, mpaka iunganishwe na king'amuzi kwa HDMI. Halafu umeme: huku ni volti 120, kule ni 230 au 240. Kuna TV zinazokubali yote, imeandikwa nyuma 100–240V, na kuna ambazo ukizichomeka kule zinaungua dakika hiyo hiyo. Bado usafiri, ushuru, na kioo kikivunjika njiani dhamana ya huku haikusaidii.

Ukitaka kumnunulia mama TV, tuma hela alipwe muuzaji wa dukani kule kule. Mama aondoke na risiti na dhamana ya mji wake, na fundi wa mtaani anaijua.

Zoezi la wiki hii

Chukua daftari, andika mistari mitatu:

Kwanza, hela ya nyumbani ya miezi mitatu ijayo, pamoja na ada. Pili, kodi yako na chakula kwa miezi hiyo. Tatu, kipato chako, na watu wa ujenzi wahesabu kwa saa za baridi, siyo za Julai.

Toa mstari wa kwanza na wa pili kutoka kwenye wa tatu. Kinachobaki, kigawe kwa wiki 13. Kama ni dola 30 au zaidi kwa wiki, fungua bahasha ya TV leo. Kama ni dola 10, bado inawezekana, ila itachukua muda mrefu zaidi au utachukua inchi 43. Kama ni sifuri, TV isubiri, na usione aibu.

Mdogo wangu alimaliza shule, namshukuru Mungu, na deni la kikoba tulilimaliza. Siku hizi nina inchi 50, nilinunua Aprili kwa pesa taslimu. Mama akipiga simu naizima sauti, tunaongea.