TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Kuta Zilizoanguka Zinatuambia Nini?



Ndugu zangu katika imani, Alhamdulillah, Allah ametufikisha siku nyingine ya funga. Mwezi huu tunakithirisha kusoma Qur'ani, na kila baada ya kurasa chache tunakutana na agizo la kutembea katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Leo tuwaangalie watu ambao hiyo ndiyo kazi yao: wataalamu wanaochunguza magofu ya kale kutafuta alama za matetemeko ya ardhi. Kisha tujiulize, sisi tunatazamaje?

*Soko la Baysan*

Baysan ni mji wa kale katika bonde la Mto Yordani, nchi ya Sham. Zama za Khalifa Hisham bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia 724 hadi 743, lilijengwa pale soko zuri, na jina lake likaandikwa kwa Kiarabu kwa vijiwe vidogo vya rangi. Miaka michache tu baadaye, soko lote likawa chini.

Nani alilibomoa? Miaka hiyo dola ya Bani Umayya ilikuwa inaanguka kwa vita. Ingekuwa rahisi kusema, "Ah, ni jeshi hilo," na mjadala ukaisha. Lakini wataalamu hawakimbilii jibu. Wanauliza: kuna majivu ya moto? Kuna vichwa vya mishale? Nguzo zimeanguka moja moja kwa uchakavu, au zimelala pamoja? Jiwe la kati la tao limeteleza kushuka? Na chini ya kifusi kuna nini, nyumba iliyohamwa taratibu au mali ya mtu ambaye hakupata nafasi ya kuichukua?

Hata dalili moja ikionekana, hawaridhiki. Nguzo zinaweza kuanguka kwa sababu ya udongo dhaifu au ujenzi mbovu. Wanataka mashahidi wengi wakubaliane.

Pale Baysan, chini ya kifusi ilipatikana sarafu iliyopigwa mwaka 131 Hijria, mwaka ulioanza mwishoni mwa Agosti 748. Basi hesabu ni nyepesi: jengo haliwezi kuifukia sarafu ambayo bado haijatengenezwa. Vitabu vya kale vilitofautiana kuhusu mwaka wa tetemeko hilo. Sarafu moja ndogo ikasaidia kulithibitisha: Januari 749.

Ng'ambo ya mto, katika magofu ya Tabaqat Fahl, zilichimbuliwa nyumba zilizoanguka wakati huohuo. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya watu na ya wanyama wao, wakiwemo ngamia. Watu walikuwa majumbani mwao, mifugo iko zizini. Maisha ya kawaida kabisa, kama yangu na yako.

*Ngome na msikiti*

Tukipanda kaskazini kwa kufuata mto huohuo, kuna magofu ya ngome ya Wapiganaji wa Msalaba, mahali Waarabu wanapopaita Bayt al-Ahzan. Salahuddin aliiteka Agosti 1179. Ukuta wake ulijengwa umenyooka, lakini leo umekatika, na kipande kimoja kimesogea takriban mita 2.1 kutoka kwa mwenzake. Ngome ilijengwa juu ya ufa wa ardhi bila wajenzi kujua.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mita 1.6 hivi zilitokana na tetemeko la Mei 1202. Nusu mita iliyobaki imetokana na tetemeko la baadaye, linalohusishwa na mwaka 1759. Hilo limejulikanaje? Baada ya ngome kubomoka, Waislamu walijenga msikiti juu ya magofu yake. Ukuta wa msikiti nao umesogea nusu mita.

Hebu litafakari hilo. Ufa ni uleule, umepita kwenye ngome ya waliotupiga vita, umepita na kwenye nyumba ya Allah.

*Tunajifunza nini?*

Tetemeko la Kagera lilipotokea Septemba 2016, na lile la Uturuki na Syria Februari 2023, kuna waliosema haraka, "Hao wameadhibiwa." Ndugu yangu, umejuaje? Habari za Thamud na watu wa Madyan tumezipata kwa wahyi, si kwa kuangalia mawe. Kuhusu mama aliyefukiwa na wanawe usiku wamelala, wewe una wahyi gani?

Mtaalamu anakaa miaka na kifusi kabla ya kusema ukuta uliangushwa na nini. Sisi tunahukumu roho za watu kwa dakika mbili, kwenye simu, tena tumefunga! Ilhali Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wasallam) ametufundisha kwamba Muislamu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo ni miongoni mwa mashahidi. Huenda unayemsema vibaya ameshakutangulia kwa daraja.

Tetemeko linatukumbusha Suratu Zilzala na siku ambayo ardhi itatoa habari zake. Lakini ukumbusho huo kila mtu aanze kuuelekeza kwake mwenyewe.

*Amali ya leo:*
1. Ukipata habari ya msiba wa watu, anza na dua na msaada. Hukumu muachie Allah.
2. Habari usiyoithibitisha usiisambaze. Suratul Hujurat imetuamrisha kuchunguza.
3. Kama unajenga, iwe nyumba, madrasa au msikiti, usiibe saruji wala nondo. Hiyo ni amana ya roho za watu.

Ewe Allah, warehemu waliokufa chini ya vifusi, wa zamani na wa sasa. Zihifadhi ndimi zetu, na utupe mwisho mwema. Aamin.

Tukutane kesho inshaAllah. Funga njema.